Grace Hopper: Mwalimu wa hesabu aliyechoka kunakili kazi ileile

Kuandika orodha ya namba ni jambo la kila siku hapa Bagamoyo na vijiji vyote vya pwani hadi kufika Dar es Salaam. Akina mama wanaolima mwani Mlingotini huandika kilo walizovuna kila bamvu. Sokoni kwa samaki, karani huandika bei ya kila ndoo iliyopita mnadani. Mweka hazina wa VICOBA ana daftari lake la hisa na mikopo. Hata enzi za misafara ya bara, wakati Sewa Haji alipokuwa akiwatafutia wasafiri wapagazi na bidhaa, mji huu uliendeshwa kwa orodha: wapagazi wangapi, mizigo mingapi, majora mangapi ya kitambaa.

Lakini orodha peke yake haisemi mengi. Ukimsomea mtu namba hamsini mfululizo, atakusikiliza kwa heshima kisha atauliza maswali yaleyale: Jumla ni ngapi? Wastani je? Nani kapata nyingi zaidi, na nani kapata kidogo? Leo maswali hayo hujibiwa na kompyuta au simu kwa sekunde moja. Kinachofanya kazi hiyo ni vipande vidogo vya programu ambavyo wataalamu huviita fanksheni saidizi. Mtu mmoja ameshaiandika kazi ya kujumlisha, akaipa jina, na wengine wote tunaiita kwa jina hilo bila kuiandika upya.

Wazo hilo linaonekana dogo, lakini kuna watu waliolipigania miaka mingi mpaka likakubalika. Mmojawao ni mwanamke wa Marekani, mwalimu wa hisabati na afisa wa jeshi la majini, aliyefariki mwaka 1992. Jina lake ni Grace Hopper, na makala haya yanasimulia maisha yake.

Saa saba zilizofunguliwa

Alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Baba yake alifanya kazi ya bima, kazi ambayo nayo ni ya orodha za namba. Mzee huyo alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi ya mishipa, na alitaka watoto wake wa kike wasome sawasawa na wa kiume ili waweze kujitegemea. Kwa Marekani ya wakati ule, huo haukuwa msimamo wa kila mzazi.

Kisa kimoja cha utoto wake kinajulikana sana. Akiwa na umri wa miaka 7, alitaka kujua saa ya kuamshia inafanyaje kazi. Akaifungua moja, vyuma vikatawanyika, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili aone ya kwanza ilivyopangwa, kisha ya tatu, hadi saa saba za nyumba nzima zikawa mezani vipandevipande. Mama yake hakumchapa. Alimwambia tu kwamba tangu siku hiyo ataruhusiwa kuchezea saa moja.

Safari yake ya shule nayo ilikuwa na kikwazo. Mara ya kwanza alipoomba kuingia Chuo cha Vassar hakupokelewa, kwa kuwa alama zake za Kilatini zilikuwa chini. Alingoja mwaka mmoja, akajiandaa, akaingia. Mwaka 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia. Akaendelea Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya uzamili mwaka 1930 na uzamivu wa hisabati mwaka 1934. Wanawake waliokuwa na uzamivu wa hisabati nchini mwake wakati huo walikuwa wachache mno. Mwaka huohuo wa 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper, na ingawa ndoa yao iliisha kwa talaka mwaka 1945, jina la Hopper alibaki nalo. Hawakujaaliwa watoto.

Tangu mwaka 1931 alikuwa akifundisha hisabati Vassar. Kama si vita, huenda angestaafu akiwa mwalimu wa chuo cha wasichana, na sisi tusingemjua.

Mashine ya mita 15

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoifikia Marekani, Hopper aliamua kujiunga na jeshi la majini. Babu wa mzazi wake alikuwa admirali, na bahari ilikuwa kwenye damu ya ukoo. Jeshi halikumtaka mara moja. Umri wake wa miaka 36 ulionekana mkubwa, na uzito wake ulipungua kilo kama 7 chini ya kiwango kilichowekwa. Aliomba ruhusa maalumu, akaipata, na mwezi Desemba 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Alimaliza mafunzo ya uafisa katikati ya mwaka 1944 akiwa wa kwanza darasani.

Alitegemea kupelekwa kwenye kazi ya kufungua maandishi ya siri ya adui. Badala yake alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mkuu mmoja mkali aitwaye Howard Aiken, aliyekuwa na mashine iliyoitwa Mark I. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa takribani mita 15, kimo cha zaidi ya mita 2, na uzito wa tani kama 5. Iliweza kujumlisha mara 3 kwa sekunde, na kuzidisha namba mbili kuliichukua sekunde kama 6. Simu ndogo kabisa iliyopo mfukoni mwa kijana wa bodaboda leo inaishinda mbali. Lakini kwa mwaka 1944 ilikuwa ajabu, kwa sababu ilifuata maagizo yenyewe, moja baada ya jingine, kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Hopper hakuwahi kuiona kompyuta kabla ya siku hiyo, na wala dunia haikuwa na kompyuta nyingi za kuonwa. Alipewa kazi ya kwanza na muda wa wiki moja kuimaliza. Mwaka 1946 kilitoka kitabu kikubwa cha maelekezo ya mashine hiyo, na mwandishi mkuu wa kitabu hicho alikuwa yeye.

Kazi za Mark I zilikuwa za vita: majedwali ya kulenga mizinga, hesabu za mabomu, hesabu za meli. Namba moja ikikosewa, kombora huangukia pasipotakiwa.

Daftari la kuazimana

Hapa ndipo linapoanzia jambo letu. Hopper na wenzake wawili, Richard Bloch na Robert Campbell, waligundua kwamba kila kazi mpya ilihitaji vipande ambavyo tayari waliwahi kuviandika kwenye kazi nyingine. Kulikuwa na vipande vya kukokotoa hesabu za pembe, na vingine vya kukadiria namba zilizo kati ya namba mbili za jedwali. Kila mmoja akawa na daftari ambamo alitunza vipande vilivyokwisha kufanyiwa majaribio na kuonekana vinafanya kazi. Ukihitaji kipande cha mwenzako, unamwomba daftari, unanakili kwa mkono.

Utaratibu huo ulisaidia, lakini ulikuwa na kasoro mbili ambazo Hopper alizisimulia kwa miaka mingi baadaye. Kwanza, kila kipande kiliandikwa kana kwamba kinaanzia mstari wa sifuri. Ukikichomeka katikati ya programu nyingine, ilibidi ujumlishe namba fulani kwenye kila mstari uliotajwa ndani yake. Alichokiona ni kwamba watu, pamoja na elimu yao, hukosea kujumlisha. Pili, watu hukosea kunakili. Herufi B ilisomwa kama 13, na alama ya nafasi tupu iliyofanana na pembetatu ilisomwa kama 4. Kipande kilichokuwa sahihi kwenye daftari la Bloch kilifika kwenye programu ya mwingine kikiwa kibovu.

Yeyote aliyewahi kuhamisha mahesabu ya kikundi kutoka daftari moja kwenda jingine anaujua ugonjwa huo. Kosa haliletwi na kutojua kujumlisha. Linaletwa na uchovu, mwanga hafifu, na 7 iliyoandikwa ikafanana na 1.

Hopper alilitazama tatizo hilo akaona kitu ambacho wengi hawakukiona. Kunakili bila kukosea na kujumlisha bila kuchoka ndizo kazi ambazo mashine inaziweza kuliko mtu yeyote. Kwa nini basi watu wenye uzamivu wakae usiku kucha wakinakili, huku mashine ikingoja?

Nondo kwenye mashine

Kabla hatujaendelea, tukiweke sawa kisa kimoja maarufu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, waliikuta imekwama. Walipoipekua walimkuta nondo amebanwa kwenye swichi, yaani nondo mdudu wa usiku, si nondo za kujengea nyumba. Walimtoa wakambandika kwa gundi ya karatasi kwenye kitabu cha kumbukumbu. Wataalamu wa Kiingereza huliita kosa la programu kwa neno la mdudu, na wengi hudhani Hopper ndiye aliyelianzisha siku hiyo. Neno hilo mafundi walikuwa wakilitumia tangu karne ya 19. Alichofanya Hopper ni kukisimulia kisa hicho kwa ucheshi mpaka kikaenea dunia nzima.

Sensa, na maktaba ndani ya mashine

Mwaka 1949 Hopper aliondoka Harvard akajiunga na kampuni changa ya Philadelphia iliyoanzishwa na J. Presper Eckert na John Mauchly. Walikuwa wakitengeneza kompyuta ya biashara iitwayo UNIVAC. Mteja wa kwanza kuipokea, mwaka 1951, alikuwa Idara ya Sensa ya Marekani. Hilo linaeleweka. Sensa ni orodha ndefu kuliko zote: mamilioni ya kaya, na kila swali la serikali linataka jumla, wastani, kiwango cha juu na cha chini. Sisi wenyewe mwaka 2022 makarani wetu walipita nyumba kwa nyumba na vishkwambi, na mwisho taifa likaambiwa kuwa tupo watu 61,741,120. Namba hiyo moja ilitokana na kujumlisha mamilioni ya namba nyingine.

Huko ndiko Hopper alipolifanyia kazi wazo lake. Alikusanya vipande vilivyojaribiwa, akavihifadhi kwenye utepe wa sumaku, na kila kimoja akakipa namba yake ya kuitia. Kisha, kati ya mwaka 1951 na 1952, akaandika programu iliyoitwa A-0. Mtumiaji aliandika tu namba za vipande anavyovitaka na taarifa za kuvipatia. Mashine yenyewe ilikwenda kwenye maktaba, ikatoa kipande, ikarekebisha namba za mistari, ikakinakili mahali pake, ikaendelea na kinachofuata. Programu ya aina hiyo aliiita kompaila, yaani mkusanyaji, kwa kuwa ilikusanya vipande na kuviunga.

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Kule Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walikuwa tayari na maktaba ya vipande vya namna hiyo, na mwaka 1951 walichapisha kitabu juu yake. Katika kampuni yake mwenyewe, Betty Holberton aliandika programu iliyoweza kutunga programu za kupanga orodha kwa mfuatano, na Hopper alikiri kwamba kazi hiyo ilimpa moyo.

Alipowaeleza wakubwa kwamba ana kompyuta inayosaidia kuandika programu, hawakumsadiki. Walimwambia kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Wapo pia waandishi wa programu ambao hawakulipenda jambo hilo. Walikuwa kama waganga wenye dawa za siri, na mtu anayetaka kuzibandika ubaoni kila mmoja azione hapendwi.

Jina moja, kazi moja

Tusimame kidogo tuone faida yenyewe kwa mfano wa nyumbani. Tuseme wakulima watano wa mwani wamepima mavuno ya bamvu moja: kilo 20, 25, 15, 30 na 110. Mtu asiye na fanksheni saidizi itabidi aieleze kompyuta hatua kwa hatua: anza na sifuri, chukua namba ya kwanza, ongeza, chukua ya pili, ongeza, endelea mpaka orodha iishe. Kesho akitaka jumla ya bei za samaki, anaandika tena hatua zilezile. Keshokutwa, hisa za kikundi, anaandika tena. Mahali pamoja atasahau namba ya mwisho, na hatajua.

Mwenye fanksheni anaandika neno moja na kutaja orodha yake. Ni kama kumpa mpima mizani ndoo yako: humfundishi kupima, unampa ndoo, naye anakutajia uzito. Kwa orodha yetu, fanksheni ya jumla itarudisha 200. Ya wastani itarudisha 40. Ya kubwa kuliko zote itarudisha 110, na ya ndogo kuliko zote 15. Ukitaka namba ya katikati, orodha itapangwa kwanza kwa mfuatano, kisha utapewa 25.

Sasa angalia wastani na namba ya katikati. Wastani ni kilo 40, lakini wakulima wanne kati ya watano hawakufikisha hata 31. Mmoja mwenye shamba kubwa amewainua wote kwenye karatasi. Afisa au mnunuzi akiuona wastani peke yake, ataamini kwamba mkulima wa kawaida hapa anavuna kilo 40, na mpango wake wa bei au mkopo utasimama juu ya mtu asiyekuwepo. Namba ya katikati, 25, inamwonyesha mkulima aliyepo.

Kuna mtego mwingine. Tuseme mkulima wa sita aliugua bamvu hilo, hakuvuna. Ukimwandikia 0, wastani unashuka hadi kilo 33 na kidogo. Ukiacha nafasi yake wazi, wastani unabaki 40. Excel, programu inayotumika katika ofisi nyingi, hufanya hivyohivyo: sifuri huihesabu, nafasi tupu huiruka. Kompyuta haijakosea popote. Aliyeandika orodha ndiye aliyeamua, pengine bila kujua kwamba ameamua. Na orodha ikiwa tupu kabisa, wastani haupo, kwa kuwa huwezi kugawanya kwa sifuri. Fanksheni nzuri husema hivyo waziwazi badala ya kukupa namba ya uongo.

Ndiyo maana Hopper alisisitiza kipande kijaribiwe kabla hakijaingia maktaba. Kipande kilichonakiliwa vibaya humdhuru mmoja. Kipande cha maktaba kikiwa kibovu humdhuru kila anayekiita. Lakini pia kikirekebishwa mara moja, wote wamepona siku hiyohiyo.

Mashine isiyojali lugha

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuthubutu zaidi. Hopper aliona kwamba wahasibu na watunza bohari hawapendi alama za hisabati. Wanapenda maneno. Katikati ya miaka ya 1950 akaongoza timu iliyotengeneza lugha ya kompyuta iliyoitwa FLOW-MATIC, ambamo maagizo yaliandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza ya biashara.

Ili kuwashawishi wakubwa wa kampuni, aliwaonyesha programu fupi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kisha akawaonyesha programu ileile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Kwake lilikuwa jambo rahisi, kwani kwa mashine neno ni alama tu, na ukibadilisha orodha ya maneno kazi haibadiliki. Wakubwa walishtuka. Hawakuweza kukubali kwamba kompyuta ya Kimarekani, iliyotengenezwa Philadelphia, inaweza kuelewa Kifaransa au Kijerumani. Ikabidi awaahidi kwamba itatumia Kiingereza tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kisa hicho kina uzito wake. Kijana wa Kiwangwa au Kerege anayeanza kujifunza programu hukutana na maneno ya Kiingereza na kudhani kwamba kompyuta yenyewe ni Mwingereza. Hopper alionyesha, zaidi ya miaka 60 iliyopita, kwamba sivyo. Fanksheni unayoitunga mwenyewe unaweza kuipa jina la jumla, wastani au mavuno, na itafanya kazi ileile.

Mwezi Mei 1959, wawakilishi wa serikali, watumiaji na watengenezaji wa kompyuta walikutana makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, wakakubaliana kuunda lugha moja ya biashara. Lugha hiyo ikaitwa COBOL. Ilitungwa na kamati, na miongoni mwa waliofanya kazi kubwa alikuwa Jean Sammet. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa lugha mpya. Desemba 1960, programu ileile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti, ikafanya kazi kote kuwili. Lugha hiyo ilienea kwenye mabenki, bima na mishahara ya serikali duniani, na mpaka leo haijatoweka. Mwaka 1989 kanuni zake ziliongezewa fanksheni za kutoa jumla, wastani, namba ya katikati, kubwa na ndogo ya orodha. Hopper alikuwa bado hai.

Na hapa kwetu

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Kazi iliyotegemewa kwake ni hesabu za serikali, yaani kupata picha fupi ya fedha za taifa kutoka kwenye orodha ndefu. Mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini kizazi kizima kilikua bila kuigusa kompyuta.

Fundisho lake linaoana na maisha ya Hopper. Mashine ya hesabu haifai kuwa ya mtaalamu mmoja aliyejifungia chumbani. Ikiwa anayetumia namba hawezi kuuliza namba hiyo ilipatikanaje, siku ikikosewa hakuna wa kumsahihisha. Hopper alitaka maagizo yasomeke na mhasibu, mkaguzi na mkuu wa idara, ili kila mmoja aweze kunyoosha kidole pale kosa lilipo.

Admirali mwenye vipande vya waya

Jeshi la majini lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka 1966. Haukupita hata mwaka, Agosti 1967 likamwita arudi kwa miezi 6, kwa kuwa programu zake za COBOL zilikuwa zimetofautiana ofisi hadi ofisi. Miezi 6 ikageuka karibu miaka 20. Kazi yake kubwa ilikuwa kuweka kiwango kimoja na kutunga majaribio ya kuhakikisha kila kompaila inatoa jibu lilelile kwa programu ileile.

Katika miaka hiyo alizunguka kufundisha. Alibeba vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30 na kuwagawia wasikilizaji, akiwaeleza kwamba huo ndio umbali wa mbali kabisa ambao umeme unaweza kwenda kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini kwake alitundika saa iliyokwenda kinyumenyume, ili kuwakumbusha watu kwamba kufanya jambo kwa sababu tu lilifanywa hivyo siku zote si hoja.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha Rear Admirali, afisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo wakati huo. Sherehe ilifanyika Boston juu ya meli kongwe ya USS Constitution. Hata hapo hakupumzika, akawa mshauri wa kampuni ya kompyuta ya Digital hadi mwisho wa uhai wake. Alifariki usingizini tarehe 1 Januari 1992 na kuzikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita yenye jina lake iliingia kazini mwaka 1997, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku, akiwa ameshafariki, Nishani ya Uhuru ya Rais.

Kijana anayejifunza lugha ya Python leo anazikuta fanksheni za jumla, kubwa, ndogo na idadi zikimngoja tayari. Karani anayetumia Excel anabofya mara moja tu. Wote wawili wanafaidi kazi ya watu waliokataa kunakili mambo yaleyale kila siku. Kilichobaki juu yetu ni kile ambacho hakuna fanksheni inayoweza kutufanyia: kuhakikisha orodha imeandikwa kwa haki, kujua aliyekosekana ameandikwa vipi, na mtu anapotutajia wastani, kumwomba atutajie na namba ya katikati. Mweka hazina wa kikundi chako akisoma taarifa mkutanoni wiki hii, muulize.